Mistari Miwili kwenye Jiwe la Baba

Kazini walimwita Fonti, neno la watu wa kompyuta kwa mtindo wa herufi, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mbunifu wa michoro: nembo, makasha ya sabuni, mabango ya barabarani. Mama yake akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani, alijibu, "Ya baba yake, ila yeye anaifanya amekaa."

Baba alikuwa mchora vibao. Kwenye kibanda chake cha mabati, kilichonuka rangi na mafuta ya taa, ndimo Fonti alimojifunza herufi kabla hajaanza shule. Unahesabu herufi, unapiga mistari kwa penseli, ndipo unachovya brashi. Na mzee alikuwa na sheria moja asiyomlegezea mtu: kibao hakitoki mpaka mtu mwingine akisome kwa sauti, neno kwa neno. Hata mpita njia aliitwa asome.

"Macho yako yameshazoea," alikuwa akimwambia mwanawe. "Yatasoma ulichotaka kuandika, siyo ulichoandika."

Fonti akasoma chuo, akaajiriwa na wachapaji, kisha na kampuni ya matangazo yenye viti vya kuzunguka. Alikuwa hodari, hilo hakuna wa kulikataa. Lakini baada ya miaka kumi na sita kazi ilimfika kooni. Kasha moja la sabuni alilirudia mara ishirini na tatu, bosi akidai buluu "yenye furaha zaidi", halafu ikachaguliwa ile ya kwanza kabisa. Siku hiyohiyo akaandika barua ya kuacha kazi. Akafunga virago, akahamia nchi ya mbali, kwenye kimji cha milimani: vyumba viwili, kuku sita, bustani ya vitunguu. Akayaita maisha rahisi. Rahisi kwa nani, hakuna aliyemuuliza. Simu aliitupia kwenye droo ya jikoni na kuitoa Jumamosi tu, na jambo hilo alijisifia mbele ya kila aliyemsikiliza, yaani kuku.

Baba alipofariki, habari ilimsubiri siku nne ndani ya droo. Alipoisoma, mzee alikuwa ameshazikwa. Alilia sana, tusimnyime haki yake. Kisha akampigia dada yake mkubwa, mwalimu wa chekechea, aliyebaki nyumbani na mama yao ambaye macho yalikuwa yameshaacha kuona.

"Hatukulaumu, mdogo wangu," dada alisema, kwa sauti ya mtu anayelaumu. "Ila jiwe la kaburi ulichore wewe. Baba kauandikia mji mzima. Yeye aandikwe na nani?"

Lilikuwa ndilo jambo pekee lililobaki la kumfanyia baba yake, naye alilijua. Akawasha kompyuta aliyoapa kutoigusa tena. Kwa siku mbili alichora jina la baba kwa herufi zilezile za kibandani, zenye mikia mifupi. Tarehe zikakaa mahali pake. Ila maneno ya kumkumbuka yalimgomea. Kila alichoandika kilisikika kama tangazo la sabuni. Basi akafanya wafanyavyo wabunifu wote mteja anapochelewesha maneno: akaweka mistari miwili ya kushika nafasi, ili ukubwa wa herufi uonekane. Hakueleza kwamba ni ya muda tu. Kazini jambo hilo haliulizwi. Akamtumia dada, akafunika kompyuta, akarudi bustanini. Maneno yenyewe angeyapata wiki ijayo.

Jumamosi alikuta ujumbe wa dada. "Ndiyo yenyewe hii?" Mwingine: "Fundi wa mawe anauliza, ndiyo yenyewe?" Wa tatu: "Anaanza kesho. Nimemwambia achonge kama ulivyotuma." Kisha picha. Jiwe zuri, jeusi, limeng'arishwa. Jina la baba, tarehe, na chini yake, kwa uangalifu mkubwa, fundi alikuwa amechonga:

MANENO YATAKAA HAPA
MISTARI MIWILI INATOSHA

Fonti alipiga simu papo hapo.

"Dada, hukusoma?" akafoka, kana kwamba kosa ni la dada.

"Nilisoma. Kwa sauti, neno kwa neno, kama Baba alivyotaka. Nikadhani nyie wasomi mna mambo yenu, labda yana maana kubwa. Nikakuandikia mara tatu. Ulikuwa wapi?"

Alikuwa akipalilia vitunguu. Aliona haya kusema.

"Mama anakutaka," dada akasema, akashusha sauti. "Hajui."

"Mwanangu," mama alisema, "walinipeleka nikaligusa. Herufi za baba yako kabisa, vidole vyangu vimezijua. Dada yako nikimwomba anisomee, analia tu. Hebu nisomee wewe. Umemwandikia nini baba yako?"

Hapo maneno yakaja, yote yaliyomgomea. Fonti akasema kwamba mji ule uliyajua maduka yake kwa mkono wa mzee huyu. Kwamba aliushika mkono wa mwanawe juu ya brashi mpaka ukaacha kutetemeka. Kwamba kibao chake hakikuwahi kutoka na kosa. Kwamba mwanawe alikwenda mbali mno, na anaomba radhi. Aliyasema huku machozi yakimtoka, na yote yalikuwa kweli, isipokuwa hayakuwa kwenye jiwe.

Mama aliyahesabu maneno yale. Alikuwa mke wa mchora vibao kwa miaka arobaini, na alijua herufi zinakula nafasi kiasi gani.

"Maneno mazuri hayo," alisema. "Lakini mimi nimepapasa mistari miwili tu, mwanangu."