Shamba la Nane

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka huwa nacheka peke yangu, ingawa siku yenyewe sikucheka hata kidogo. Nilikuwa nimeolewa miezi minne tu, nimetoka kwetu Mlalo nimekuja huku karibu na Irente, na baba mkwe akanichukua kwenda kunionyesha shamba langu. Tulishuka bonde zima tukifuata mfereji wa maji. Tukapita shamba la kwanza, la pili, la tatu, na kila tukikaribia jingine najiambia bila shaka ndilo hili. Tukafika la nane, mfereji ukaishia hapo, mbele yetu ni magugu na mteremko. Akasema, "Hili ndilo lako, mwanangu." Nikamjibu ahsante baba, kwa mdomo tu.

Nawe mwanangu unayenisikiliza, nakusimulia haya kwa sababu neno "mwisho" nimelisikia mno mwaka huu humu nyumbani. Mmoja wa vijana wetu jina lake halikutokea kwenye orodha ya kidato cha tano, basi mwisho wake umefika, kajifungia chumbani siku mbili. Mwingine kaachwa na mchumba, naye kafikia mwisho hivyohivyo. Halafu haohao wakifurahi wanasema "imeisha hiyo", na wakipenda chakula wanasema ni mwisho wa matatizo. Mjukuu wangu anayefundisha shule ananiambia hata Waingereza neno lao la kusema "mwisho" wanalitumia kwa ncha ya kamba, kwa lengo la mtu na kwa kifo. Nikamwambia basi nao wana shida kama sisi. Mimi wakati ule nilijua maana moja tu, kwamba mwisho ni mahali anapowekwa mtu asiyetakiwa.

Sasa nikueleze maji yetu yalivyokuwa yakienda. Juu ya bonde kulikuwa na bwawa dogo la udongo, sisi tunaliita ndiva. Maji ya kijito yanaingia humo yanajaa taratibu, na mara mbili kwa wiki Mzee Hoza, msimamizi wa mfereji, anazibua asubuhi. Sharti lilikuwa moja: haifunguliwi mpaka maji yafike kwenye jiwe jeupe lililojengewa ukutani. Shamba la kwanza linanywa, likitosheka linaziba, maji yanateremka kwa la pili, hivyo hivyo mpaka kwangu. Yakinifikia mimi ni uzi tu. Nilikuwa nimepanda kabichi, mazao yangu ya kwanza tangu niitwe mke wa mtu, na miche ilikuwa inalala chini kama imepigwa.

Niliumia, sikufichi. Usiku nilikuwa nalia kimyakimya mume wangu asisikie. Nikafunga kanga zangu mbili kwenye kifurushi, nikapanga kabichi zikifa tu narudi Mlalo kwa mama yangu, wala sitaaga mtu. Lakini kabla ya kuondoka nikataka kujaribu jambo moja.

Siku ya zamu niliamka alfajiri nikapanda mpaka kwenye ndiva peke yangu. Maji yalikuwa nusu, jiwe jeupe liko juu kavu kabisa. Nikasema moyoni, nusu hii yote ni yangu, huko njiani midomo ya mashamba yote imezibwa, itashuka moja kwa moja. Nikang'oa kizibo. Nikakimbia kuyafuata maji, nimeshika gauni mkononi, nafurahi kama mwendawazimu. Yakapita shamba la kwanza, yakapita la tatu, mwendo ukapungua. Kwenye shamba la tano yakawa tope. Hapo hapo yakasimama, nikayaangalia yanazama ardhini mpaka yakaisha.

Hujui aibu ilivyo mpaka uwe bibi harusi umesimama kwenye mfereji mkavu, na watu saba na majembe yao wanateremka kukuuliza maji yako wapi. Mzee Hoza mwenyewe alikuwa na mbegu za karoti ndiyo kwanza amezimwaga shambani, hazijachipua, na zilikuwa zinayangoja maji ya siku ile. Nikapiga magoti. Nikasema, "Shikamoo baba, ni mimi."

Akaitikia marahaba. Alikuwa mtu mkali, nilijua atanitoza mbuzi, na mbuzi huyo angelipwa na mume wangu. Badala yake akaniuliza, "Umeyaona yalikopotelea?"

Nikasema nimeyaona, kwenye shamba la tano.

"Hujayaona. Umeona yalikoishia. Kesho chukua jembe, anzia shambani kwako upande mpaka kwenye ndiva, utafute yalikopotelea. Ukimaliza uje uniambie."

Nilikwenda nikiwa nimenuna. Siku ya kwanza nilipata matundu ya fuko matatu, yanameza maji chini kwa chini. Siku ya pili nikakuta majani yaliyooza yamejaza mfereji, na ukingo umebomoka mahali ambapo ng'ombe wanavuka. Wenye mashamba ya juu walikuwa hawajui, na wangejuaje, kwao maji yanafika kila zamu. Mimi wa mwisho ndiye pekee niliyekuwa na sababu ya kuutembea mfereji wote. Nikaziba kwa udongo na mawe, nikazoa majani, viganja vikachubuka. Siku ya nne mama mkwe akanifuata na jembe lake, akaanza kuziba pamoja nami.

Tulipopumzika nikamwambia ukweli wote, hata habari ya kifurushi cha kanga. Nikamuuliza, "Mama, niliwakosea nini mkanipa shamba la mwisho?"

Akaniangalia kama mtu aliyepigwa kofi. Akasema, "Lile lilikuwa shamba langu. Miaka yote nimelilima mimi, na mfereji ukiwa mzima maji yalikuwa yananifikia. Udongo mzuri wote wa bonde hili unasombwa na mvua unakuja kutulia pale. Baba yako alitaka kukupa la tatu, mimi nikamkatalia, nikasema binti huyu apewe langu."

Nililia palepale, safari hii bila kujificha. Yeye aliyenipa kitu chake kizuri kuliko vyote nilikuwa sijamwamkia vizuri kwa wiki tatu.

Ndiva ilipofunguliwa tena, imejaa mpaka kwenye jiwe, maji yalifika kwangu yakiwa bado na nguvu, yanasukuma povu na vijiti. Kabichi nyingi zilikuwa zimeshakufa. Zile zilizobaki zilinenepa hata wachuuzi wa sokoni Lushoto wakaniuliza nimezilisha nini. Mzee Hoza alipochoka, watu wa bonde walinikabidhi mimi usimamizi wa mfereji, na nimeushika mpaka magoti yaliponikatalia. Mwaka huu shamba la nane nimempa mke wa mjukuu wangu. Amenuna. Namwacha anune kidogo, lakini kesho nitamweleza, maana mama mkwe alikosea jambo moja tu, hakuniambia mapema.

Kwa hiyo mwanangu, ukijikuta umebaki nyuma ya wote, usikimbilie kung'oa kizibo kabla maji hayajajaa. Chukua jembe lako, anzia hapohapo ulipo, rudi ukiitazama njia nzima, ujue ni wapi mambo yako yanavuja. Na kabla hujafunga kanga zako, muulize aliyekuweka hapo kwa nini alikuweka, maana mimi nusura nimkimbie mtu aliyenipenda. Mungu akujalie maji ya kukufikia, akujalie miguu ya kuyafuata yakichelewa, na udongo utakaopewa ukutunze mpaka nawe uwe na wa kumpa.