Magurudumu ya Spika ya Besi

Kwa miaka mingi nimekana kwamba kulikuwa na mzee ndani ya ule ukumbi. Leo nakubali: alikuwepo, na alinisemesha. Niamini. Mimi ni mtu wa chuo kikuu, nimezoea kutilia shaka hata kivuli changu.

Ilikuwa harusi karibu na Kiptere, katika ukumbi mkuukuu katikati ya mashamba ya chai. Mimi nilikuwa napiga gitaa la besi katika bendi ya akina mama. Nyambura, mwenye duka la vyuma mjini, alipiga ngoma. Spika yangu ilikuwa kubwa kama friji, na magurudumu manne chini. Wanaojua jukwaa huyang'oa kabla ya kucheza, maana besi ikinguruma spika hutembea. Mimi je? Mgongo wangu na uvivu wangu vilikuwa vimeshaelewana. Siku hiyo vijana waliibeba juujuu kwa sababu ya tope, wakaiweka jukwaani, kila mtu akaenda kula. Nikabaki nikijaribu sauti.

Nilikuwa nimeingia nyuma ya spika kurekebisha waya, gitaa begani, mvua ya mawe ilipoanza kupiga mabati. Nikasikia kwi-kwi-kwi. Magurudumu. Spika ikanisukuma hadi kwenye kona, ikaacha nafasi ya gitaa na vidole tu. Nikapiga kelele. Nani angesikia?

Ndipo nikamwona kwenye benchi la mbele: mzee wa kabuti, mkavu kabisa. Akanisalimu kwa Kikalenjin.

"Chamgei, mama. Mbona umenyamaza?"

"Mzee, nisaidie, nimebanwa!"

"Cheza."

Kwi-kwi. Pumzi ikaanza kuniishia. Nikapiga noti moja, spika ikasimama. Nikatulia kidogo; ikasogea.

"Mimi nilichoka vidole," akasema, kwa upole kabisa, "nikanyamaza."

Ungefanya nini? Nilicheza. Wimbo mmoja wa kanisa, ukiisha naanza tena, hadi vidole vikachubuka na mvua ikakatika.

Nyambura akaingia na sahani ya chakula. "Prof! Umejificha huko, kwani unaogopa mashemeji?"

Benchi lilikuwa tupu. Vijana waliivuta spika kwa taabu, ikikwaruza mbao. Nikasema breki za magurudumu zimeshika. Nikasema jukwaa lina mteremko. Nimesema hivyo miaka yote. Spika nilimwachia Nyambura aiuze. Sikutaka kuiona tena. Hata sasa, mvua ikipiga mabati, vidole vyangu huanza kucheza juu ya meza vyenyewe.

Nilianza kuandika haya ili nikuonye jambo dogo la kiufundi: ng'oa magurudumu. Jana nikampigia Nyambura anikumbushe yalikuwa ya aina gani.

"Magurudumu gani, Prof? Si niliyang'oa mwenyewe asubuhi ya harusi, kabla hatujatoka dukani? Nilijua wewe hutainama. Yako hapa chini ya kaunta mpaka leo."

Basi onyo langu limebadilika. Ukijikuta peke yako katika ukumbi ule, na mvua ikaanza, usinyamaze.