Kichuguu cha Mama

Bustani yangu iko nyuma ya nyumba, pembezoni mwa Tunduma, na kwenye kona yake kuna kichuguu ambacho ningeshakichimbua zamani kama si mama. Mwaka juzi mvua ilikatika katikati ya msimu, jua likawaka wiki kwa wiki, na vidukari wakajaa kwenye kabichi mpaka majani yakajikunja. Mchwa nao, walipokosa kingine cha kutafuna, wakahamia kwenye mahindi na kuyaangusha yakiwa yameshabeba. Nikanunua dawa. Mama, ambaye anaishi nami, akasimama mbele ya kichuguu na fimbo yake.

“Hicho usikiguse. Humo ndimo wanamotoka kumbikumbi wangu.”

Mwaka jana nikajiandaa kwa vidukari: majivu, sabuni, pilipili ya kusaga. Mvua ikanyesha bila kupumzika. Vidukari wote wakaoshwa, na badala yake nyanya zikaoza kwa ukungu. Sabuni nikaifulia nguo. Kumbikumbi ndio waliofaidi, walitoka kwa wingi hata kuku wakachoka kuwala, na mama akakaanga sufuria baada ya sufuria. Ndiyo bustani yangu hiyo. Najiandaa kwa wadudu wa mwaka uliopita, mbingu inaniletea wengine. Inachosha, jamani.

Msimu huu mvua ikachelewa, na safari hii hasira yangu haikuwa ya kabichi. Mama alikuwa ametoka kuugua na chakula kikawa hakipiti. Uji anaonja kidogo, anageukia ukutani. Ugali hakutaka hata kuusikia. Nguo zikawa zinamning'inia. Kila nikimuuliza anataka nini, jibu ni moja: kumbikumbi. Niliogopa, na kwa kuogopa nikawa mkali.

“Mama, kumbikumbi ni wa mvua. Mvua yenyewe iko wapi?”

Maana kila mchana mawingu yalijikusanya, tukakimbilia kuanua nguo, kisha yakavuka mpaka bila hata kugonga pasi na kwenda kunyesha Nakonde. Sisi tukabaki kusikiliza radi za Wazambia.

“Basi wadanganye,” mama akasema.

Kwetu Mbozi, alikokulia, waliwadanganya hivi: unakimwagia kichuguu maji, unakifunika kwa blanketi, halafu unagonga vijiti juu ya debe taratibu ili kumbikumbi wadhani mvua imekuja. Basi mimi, mwalimu mzima, Jumamosi jua la utosi, nimekaa kwenye kigoda bustanini napiga debe. Maji yenyewe nimeyabeba kichwani. Jirani akachungulia juu ya ua.

“Mwalimu, leo kuna mazoezi ya kwaya?”

Na mama naye, kutoka barazani: “Unapiga kama unafukuza nyani! Mvua haipigi hivyo!”

Nikapiga polepole. Nikapiga mpaka mkono ukafa ganzi. Akatoka mchwa mmoja, akazunguka kidogo, akarudi zake ndani. Nililitupa lile debe mbali.

Mvua ya kweli ilikuja siku ilipojisikia yenyewe, alfajiri moja wiki iliyofuata. Kulipokucha kichuguu kikawa kimefunguka, lakini waliotoka walikuwa wachache mno, nikawa nawaokota mmoja mmoja kwenye matope nikigombana na kuku. Nikawapukuta mabawa, nikawakaanga kwa chumvi, nikampelekea mama kwenye sahani.

Akatafuna wawili watatu. Kisha akaisukuma sahani. Maneno makali yalikuwa yameshanifika mdomoni.

“Wakavu,” akasema. “Mwaka huu hawana mafuta. Sasa hawa nitawalaje bila ugali?”

Nikaenda jikoni kusonga huku machozi yananitoka. Nikamwekea tonge dogo tu, la kumjaribu. Akalimaliza na kumbikumbi wote, akaramba vidole, akanitazama kwa dharau.

“Huu ulimpikia nani, kifaranga?” akasema. “Ongeza.”