Kaa la Moto Siku ya Mei Mosi

Marsaili simpendi, na sitajifanya nampenda eti kwa kuwa amekufa. Alikuwa na mdomo mchafu. Kabla ya yote haya tulikuwa majirani hapa kisiwani Skye, Uskoti, miaka kumi na tisa, tukigombania kuku, mpaka wa viazi, hata nafasi ya kukaa kanisani. Lakini ya mwaka 1853 yamenikaa kooni, acha niyaseme.

Mwaka huo mwenye ardhi alitaka kondoo, si watu. Mei mosi tarishi wa mahakama akaja na polisi kututoa majumbani, wakaanzia kwa Marsaili. Mumewe, Tormod, alikuwa hoi kitandani, kifua kimembana. Wakambeba na godoro lake, wakamtupa nje kwenye manyunyu. Kisha tarishi akachukua maziwa yao wenyewe, akayamwaga mekoni. Moto ukishazimwa hivyo, nyumba si yako tena.

Msimamizi wa mwenye ardhi akapaza sauti juu ya farasi: "Atakayewapa hawa pa kulala, au hata kaa la moto, anayefuata ni yeye!"

Walipoondoka, Marsaili akaja mlangoni kwangu na chungu cha chuma. Hakuwahi kuniomba kitu maishani.

"Beathag, nipe kaa moja tu. Tormod anatetemeka."

"Leo Mei mosi, jirani. Moto hautolewi nje, ni mkosi. Mila unaijua."

"Mila? Sema unamwogopa yule mbwa!"

"Namwogopa, ndiyo! Nina watoto watano. Toka mlangoni kwangu!"

Kweli, tangu enzi za mabibi zetu hakuna aliyetoa moto siku hiyo. Lakini mimi sikuwa nawaza mabibi. Na majirani wengine nao, mlango kwa mlango, wakaikumbuka mila ghafla. Wanafiki wakubwa, kama mimi.

Marsaili akavuka mlima peke yake, maili saba, hadi kwa dada yake. Aliporudi na moto, Tormod alikuwa ameshakata roho pale nje, kando ya ukuta. Alimzika, akajijengea kibanda cha udongo ufukweni, na moto ule hakuuacha uzime.

Nami sikupona. Septemba maziwa yangu yakamwagwa mekoni kwangu. Tukashuka ufukweni huku mvua inatunyeshea, watoto wanalia, wadogo midomo imewabadilika rangi. Nilikiona kibanda cha Marsaili kinafuka moshi. Nikaona afadhali nife kuliko kubisha hodi pale.

Akatoka mwenyewe. Akaja na kile chungu, kijiji kizima kinatazama, akakitua miguuni pangu kwa kishindo. Makaa yalikuwa mekundu.

"Washa. Watoto hawana kosa."

"Asante, jirani."

"Usiniite jirani."

Aliishi miaka ishirini zaidi, hatua arobaini kutoka kibanda nilichojenga nami pale ufukweni, na hakunisemesha tena. Kila usiku naufukia moto wangu kwa majivu, kila asubuhi naufukua. Ni ule ule wake. Naupikia uji, na namchukia kila ninapoupuliza.