Nyasi za Kona ya Kalvati

Klabu yetu ya baiskeli hapa Kitengela haikosi watu wa kupanga mambo. Kiangazi kile kikali, tulipopewa ruhusa ya kufunga barabara moja upande wa Isinya kwa ajili ya mbio, waliamua ule ukuta wa kalvati, pale mteremko unapoishia kwenye kona, upangiwe marobota ya nyasi kavu. Mtu akikosa kona agonge nyasi, asigonge simiti. Wazo zuri. Lakini nyasi, Kajiado, wakati wa ukame? Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza ng'ombe.

Kona hiyo nilipewa mimi, na bendera nyekundu na filimbi. Roho ilikuwa juu juu, kwa sababu ndugu yangu mdogo alikuwa anashindana, na kwake breki ni pambo tu.

Kabla waendeshaji hawajafika, ng'ombe wakatokea, mbavu nje, wakaenda moja kwa moja kwenye marobota. Nikapiga filimbi, nikapunga bendera, nikawatukana kwa Kikamba. Wapi! Walikuwa wameshafumua robota moja mwenye ng'ombe alipofika, mama wa Kimaasai na fimbo yake.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimia kwa Kimaasai, nikimwita mama. "Tafadhali ondoa hawa. Hiyo nyasi ni ya watu."

"Iko," akaitikia salamu. "Siku hizi watu wanakula nyasi?"

Nikamweleza. Baiskeli zitashuka hapa mbio sana, na mmoja wa waendeshaji ni mtoto wa mama yangu. Akikosa kona, hiyo nyasi ndiyo itamshika.

Akautazama ukuta, akawatazama ng'ombe wake. Akaanza kuwafukuza. Mmoja mwekundu, mwenye pembe iliyovunjika, alikataa katakata, ikabidi amtoe nyasi mdomoni. Zile zilizotapakaa akazikusanya, tukazifunga tena pamoja. Kisha akasimama kati ya nyasi na ng'ombe, nao wakimlilia.

Ndugu yangu alikuja akiwa mbele, akaikosa kona kabisa. Aliingia kwenye marobota kichwa kwanza. Alivunjika mfupa wa bega, na nikamshukuru Mungu kwa huo mfupa mmoja, maana nilijua nyuma ya nyasi kuna nini.

Jioni wakubwa wa klabu walitaka kurudisha marobota stoo. Nikawaambia wajaribu waone. Tukayapakia kwenye pikapu tukayapeleka kwa yule mama.

"Na yule mtoto wa mama yako?" ndilo lililomtoka kwanza.

"Yuko hospitali, analalamikia chakula."

Akacheka. Akakata kamba ya robota la kwanza, akabeba nyasi hadi kando ya boma, alikolala yule mwekundu wa pembe iliyovunjika. Akaniambia kwamba asubuhi hiyo, kabla ya kwenda malishoni, walikuwa wamemwinua kwa mikono, maana hakuweza kusimama mwenyewe.

"Ashe, yeyo," nikamshukuru, nikaona haitoshi. Nikapiga magoti, nikamlisha yule ng'ombe kwa mkono wangu.