Mume Aliyekataa Kuponywa

Nilipopangiwa kufundisha kata ya Daudi, kule Mbulu, nilitoka Tanga na sweta moja jepesi na sifa ambayo sikujua kama ninayo. Mama mwenye nyumba wangu, mkulima wa vitunguu saumu, aliniuliza kabla sijatua begi: "Mwalimu, ni kweli kwenu mwanamume akilishwa kitu hatoki tena nje?"

Nikamwambia kwetu wanaume wanatoka kama kawaida. Hakuniamini. Na mimi sikujisaidia, maana jioni nilikuwa naandika hadithi za kutisha na kuzituma kipande kipande kwenye kundi la WhatsApp. Iliyokuwa ikiendelea wakati ule ilimhusu mke wa mtemi aliyemlisha mumewe limbwata, ile dawa ya kumtiisha mume. Mtemi akaanza kwa kumpepea mkewe, akafika mahali pa kumwomba ruhusa ya kukohoa, na mwisho nchi nzima ikawa inatawaliwa kutoka jikoni, huku mizimu ikidai malipo yake ya damu.

Mama naye alikuwamo kwenye kundi hilo, akawa anawasomea majirani vipande hivyo kwa sauti wakichambua vitunguu uani. Mumewe, mzee wa kanisa, mtu mrefu na mpole, alikaa pembeni akichonga mpini wa jembe. Mpini ule haukuisha, na hadithi ilikuwa haijaisha pia.

Basi mama akaumwa mgongo. Daktari akamkataza kuinama na kubeba. Asubuhi iliyofuata nilimkuta mzee anaswaga punda wa maji kwenda bombani, mahali ambapo wanaume wa pale hawakuwa wakionekana na ndoo. Kesho yake alifua. Akaanika sketi za mkewe kwenye kamba, zimenyooka vizuri kuliko zilivyowahi kunyooka. Wenzake waliokuwa wakipita na ng'ombe wakasimama barabarani.

"Mzee, umekuwa binti siku hizi?"

Mzee aliwatazama, akaangalia sketi, akashusha pumzi. "Jamani, nimelishwa," akasema. "Mnataka nifanye nini?"

Kicheko kikakatika palepale. Mmoja akavua kofia kama yuko msibani. Tangu siku hiyo hakuna aliyemcheka, walimpa pole. Alipika ugali, wakampa pole. Alimkanda mkewe mgongo kibarazani mchana kweupe, nao wakapita wakitikisa vichwa. Mgongo wa mama ukapona, lakini mzee hakuacha.

Mama naye akaanza kuogopwa. Zamani akiomba nafasi ya kusema mkutanoni, watu walikuwa wanaendelea kuongea. Sasa akikohoa tu, kunakuwa kimya. Ulipofika uchaguzi wa kamati ya maji, alipendekezwa uenyekiti na hakuna aliyethubutu kushindana naye. Bomba lililokuwa likivuja miaka nenda rudi likazibwa wiki ileile, kwa kuwa fundi hakutaka kuulizwa mara ya pili. Mimi nilihesabika kuwa ndiye niliyemuuzia hilo limbwata. Mwalimu mkuu akawa hanywi chai ya ofisini mpaka mimi ninywe kwanza.

Nilikuwa nimeandika mambo ya giza kwa muda mrefu nikidhani msomaji anatafuta mizimu na damu. Kumbe pale uani walichokuwa wakifuatilia ni nani anamtuma nani maji. Hofu yote ilikuwa hapo.

Jumamosi moja mzee akanifuata nikipepeta mchele.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu." Akakaa, akageuza kofia mikononi. "Yule mtemi wako. Utamfanyaje?"

Nikamweleza: mganga mkubwa anakuja, mtemi anakunywa dawa, anatapika limbwata mbele ya baraza, halafu anamgeukia mkewe na upanga.

Mzee akashtuka kweli. "Hapana, mwalimu. Usimponye."

"Kwa nini, baba?"

"Akipona yeye, watasema na mimi nipone." Akapunguza sauti. "Mimi napenda kwenda bombani. Asubuhi kule kuna habari zote. Na mke wangu, nikimkanda, ananisimulia mambo ambayo miaka yote hakunisimulia. Nikisema ni mapenzi tu, hawa watanicheka mpaka kaburini. Ukilishwa, hakuna anayekulaumu."

Sikuwahi kuombwa nimwache mtu na ugonjwa wake kwa adabu namna ile. Nilifuta kipande chote cha upanga, nikaandika kingine. Mganga akaja, akatetemesha milima, akamkabidhi mtemi kibuyu cha dawa. Mtemi akasubiri watu wafumbe macho kwa maombi, akaimwaga chini ya kiti chake.

Kundi zima likanishambulia. Mmoja akaandika kwamba nimechoka kutunga, mwingine akataka mizimu irudi. Lakini uani mama alisoma mpaka mwisho, akazima simu. Mzee alikuwa kwenye kamba, ana vibanio vya nguo mdomoni.

"Aliimwaga kwa makusudi?" mama akaniuliza.

"Kwa makusudi, mama."

"Na mkewe alijua?"

"Hilo sijaliandika bado."

Akamtazama mumewe akikung'uta shuka. "Andika alijua," akasema, "na wala hakumwambia mtu."