Chuma cha Mbele cha Boti ya Baba

Boti ilikaa uani kwetu Oli, mjini Arua, wiki nzima, juu ya matairi manne, na kila aliyepita aliuliza imepotea njia wapi. Mto wetu wenyewe, wakati wa kiangazi, mbuzi anauruka. Boti hii ilikuwa ya Naili. Ililetwa kwa lori kutoka Rhino Camp, nyeupe, ya faiba, na baba yangu ndiye dereva wake.

Kilichoileta ni chuma cha puani, kile cha kufungia kamba. Skrubu zake zililegea polepole, na siku moja baba akiwa anapanga magunia ya samaki gatini, chuma kilichomoka na boti ikaondoka na maji. Waliipata siku ya pili kwenye mafunjo. Mwenye boti hakugomba. Alisema tu, "Ikitoroka tena, mimi natafuta mutu mwingine." Baba alituambia maneno hayo mara moja, na tangu hapo hakumaliza chakula chake.

Ami, mdogo wake baba, ni fundi wa bodi za lori, na karakana yake ni uani hapo hapo. Alitazama mashimo, akacheka. "Hii ni kazi ya kabla ya chai." Akachonga vigingi vya mti, akavigonga ndani ya mashimo, akafunga skrubu juu yake, kama anavyofanya mbao za lori zikichoka. Baba akavuta kwa mkono mmoja. Chuma kikaja pamoja na vigingi.

"Mti iko mbichi," akasema ami.

Akachonga vingine, vinene zaidi. Safari hii faiba ikapasuka, ufa mwembamba kama unywele. Baba aliufuata kwa kidole.

Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la chai. Niseme ukweli: shuleni mwalimu akiuliza, mimi hutazama dawati hata kama jibu ninalo, halafu nikifika nyumbani naliandika humu daftarini. Na siku ile jibu nilikuwa nalo. Mama hushona makoti. Koti zito halishonwi kifungo peke yake. Kwa ndani kinawekwa kingine kidogo, ili uzi uvute kifungo, usivute kitambaa. Nimeshona vya namna hiyo hata sijui vingapi. Faiba nayo ni ngozi tu, unene wake haufiki kidole. Kigingi kitashika nini? Lakini msichana wa chai hamfundishi ami yake kazi mbele ya wateja. Nikarudi jikoni, nikamwambia mama.

"Mimi sijui boti," mama akasema. "Enda useme mwenyewe. Hata sukari hujawapelekea." Akanipa bakuli.

Nikaenda. "Ami," nikasema, nikiitazama sukari, "ile koti yako ya baridi, kifungo yake iko na ingine ndani."

"Sisi naongea boti, wewe naongea koti."

Wateja wakacheka. Baba hakucheka. "Wacha mama amalize," akasema. Ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Nikamaliza, sijui vipi. Ami akajikuna sikio kwa penseli. "Haya. Bolti zipite mpaka ndani, na bati nyuma yake. Lakini ndani nani ataingiza mkono? Ile tundu ya kufika puani ni ya paka."

Wote wakatazama mkono wangu.

Maduka ya Arua yalikuwa yamebaki na rafu tu, kwa hiyo ami alipanda lori kwenda Koboko, akarudi kesho yake na bolti nne na washa pana za kuweka chini ya nati, akinuka samaki mkavu. Akakata bati nene la ukubwa wa kiganja, akapiga kona zake tupa zisikate faiba. Ufa tuliuziba kwa gundi ya faiba iliyokuja na boti. Maandishi ya kopo nilisoma mimi, ami akachanganya, tukaacha ikauke siku nzima. Kisha akatoboa mashimo upya, moja kwa moja hadi ndani, akayapaka gundi pembeni ili maji yasipite.

Nililala kifudifudi ndani ya boti, mkono umeingia hadi begani, spana imeshika nati nisiyoiona. Baba alikuwa juu akizungusha.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Sikusikii, mama."

Faiba inameza sauti. Ikabidi nipaze. "Nimeshika! Sasa kaza. Basi, basi, usizidishe, itavunjika." Sijawahi kumwambia baba basi.

Kupima, walingoja gundi ikauke, wakafunga kamba kwenye lori la mteja. Lori likasogea, boti ikateremka matairini ikalifuata uani, kuku wa mama wakatawanyika. Chuma hakikutikisika.

"Imekubali," akasema ami, akaomba chai nyingine.

Ijumaa baba aliondoka nayo. Kwa majuma mawili tulikaa bila habari. Jana dereva wa lori alituletea samaki wawili na salamu. Kulinyesha Rhino Camp kwa upepo mbaya, mitumbwi mitatu ilikatika kamba, boti ikabaki pale pale alipoifunga, na mwenye boti amempa baba safari ya kupanda mto hadi Wadelai. Halafu dereva akanigeukia mimi. Baba anasema vyuma vya nyuma navyo vimeanza kucheza, na anauliza shule inafunga lini.